Gari linapoteza maji: kwa fundi anayeanza

Mteja akija na Premio yake akasema anaongeza maji kila asubuhi, usishike spana bado. Muulize anaongeza kiasi gani, anaongezea kwenye rejeta au kwenye kopo la akiba, na gari linapolala chini panalowa au panabaki pakavu. Nusu lita kwa wiki pamoja na matone chini ya injini, hiyo ni hozi au pampu. Lita nzima kwa siku na chini pakavu ni jambo jingine: ama maji yanatoka injini ikiwa moto tu na kukaukia hukohuko, ama injini inayanywa. Uliza pia nani aliligusa mwisho. Magari haya ya Japani yanapofika gereji yako huwa yameshapita mikono mingi, na kila mkono umeacha kitu: silikoni, waya badala ya klipu, thamostati (valvu inayofunguka maji yakipata moto) iliyotolewa.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi tu. Bana hozi ya juu kwa vidole. Ikiwa ngumu, presha bado imo, subiri. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini yenye dawa, ikiruka ikiwa moto huchubua uso, na kitambaa mkononi hakitakusaidia.

Kabla ya rejeta yenyewe, chunguza hicho kifuniko. Wengi hukidharau kwa sababu ni kitu cha bei ndogo, lakini kile ni valvu. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, yaani presha ya karibu 88 au 108 kPa. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96. Kifuniko kizima cha 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi kama nyuzi 116. Feni ya umeme kwenye magari mengi husubiri maji yakaribie nyuzi 95 ndipo iwake. Kwa hiyo kifuniko kikifa, maji yanaanza kuchemka feni ikiwa ndiyo kwanza inaamka, na kule Kabale, karibu mita 2,000, yanaweza kuchemka kabla haijawaka. Mteja ataapa kwamba rejeta imeziba, kumbe ni mpira uliokakamaa. Angalia mpira wa chini na ile valvu ndogo ya katikati. Ukikuta hozi ya juu imenyonywa ikawa bapa baada ya injini kupoa, valvu hiyo ndogo imekwama au kipaipu cha kwenda kwenye kopo kimeziba. Usimwekee mtu kifuniko cha 1.1 kwenye gari la 0.9 ukidhani unamsaidia, unampasulia rejeta.

Sasa pampu ya kupimia presha. Gereji isiyo nayo inabahatisha. Jaza maji hadi shingoni, funga pampu, sukuma hadi namba ya kifuniko na usizidishe, kisha acha dakika 15. Sindano ikishuka, kuna pa kutokea. Chukua tochi na kioo kidogo, ondoa kava la chini, na tafuta ukoko kabla ya kutafuta tone, kwa sababu kulanti iliyokauka huacha alama nyeupe, ya waridi au ya kijani. Anza juu ushuke, maana maji hutiririka na tone linaweza kuanguka mbali na chanzo chake.

Pa kutazama: mshono wa plastiki na alumini juu ya rejeta, ambapo plastiki ikizeeka hugeuka kahawia na kupata ufa mwembamba kama unywele. Miisho ya hozi. Kasha la thamostati. Hozi ndogo za hita nyuma ya injini, ambazo wengi huzisahau kwa sababu hazionekani. Kwenye pampu ya maji tafuta kitundu kidogo chini ya shafti. Kikiwa na mchirizi, sili imekwisha, na hakuna dawa ila pampu mpya. Shika puli uitikise: ikicheza, beringi nayo imekwisha. Zulia la mbele likiwa limelowa na vioo vinapata ukungu wenye harufu tamu, ni rejeta ndogo ya hita ndani ya dashibodi. Usiichanganye na maji safi yasiyo na harufu yanayodondoka chini ya gari AC ikiwashwa. Hayo ni kawaida, ingawa kuna wateja waliouziwa rejeta kwa ajili yake.

Sindano isiposhuka injini ikiwa baridi, ipashe moto bila kuifungua hiyo pampu, kisha upime tena. Kuna nyufa zinazofunguka kwa joto tu.

Pasipoonekana tone popote na maji bado yanapungua, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Washa injini baridi, kifuniko kikiwa kimefungwa, ukishika hozi ya juu. Ikikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kipimo cha uhakika zaidi ni kile chenye dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: kwa injini ya petroli dawa ikigeuka njano, mjadala umekwisha. Moshi mweupe usioisha na oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi, lakini gasketi inaweza kuungua bila hayo yote. Kwa gari la otomatiki chomoa na kijiti cha giaboksi. Oili yake ikiwa na povu la waridi, kipoza oili kilicho ndani ya rejeta kimetoboka. Gari hilo lisiwashwe tena hadi rejeta ibadilishwe na giaboksi isafishwe.

Ipsum, Harrier na RAV4 za miaka ya mwanzo ya 2000 zenye injini ya 2AZ-FE zina ugonjwa wao. Nyuzi za bolti za hedi kwenye bloku hung'oka, hasa upande wa nyuma, na maji huvuja kati ya hedi na bloku ambapo jicho halifiki. Kubadilisha gasketi peke yake hakutoshi. Matundu lazima yatobolewe na kuwekewa nyuzi za chuma. Mweleze mteja hilo kabla hujafungua.

Kwenye matengenezo, hozi mpya isukume ipite kivimbe cha mdomo, na klipu ikae nyuma yake, si juu yake. Klipu ya springi iliyokuja na gari ni bora kuliko ya skrubu iliyokazwa hadi ikakata mpira. Pampu ya maji ya injini ya 1NZ au 1ZZ huzungushwa na mkanda wa nje. Ya 3S-FE huzungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo badilisha vyote pamoja, usije ukalipisha kazi ileile mara mbili. Tangi la plastiki lililopasuka usiliunge kwa gundi. Ukinunua rejeta ya mitumba kwenye soko la vipuri la Kisekka, iombe izibwe midomo, ijazwe upepo kidogo na kuzamishwa kwenye pipa la maji kabla hujalipa. Ule unga wa kuziba nyufa utaziba pia vijipaipu vya rejeta ya hita.

Thamostati irudishwe. Kuitoa hakuponyi joto, kunaficha ugonjwa tu, na injini isiyofika moto wake hula mafuta. Ijaribu kwenye sufuria: ya Toyota nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82, na kwenye 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Unapoirudisha, kile kipini kidogo kwenye ukingo wake kitazame juu.

Hapa hakuna barafu, lakini kulanti huzuia kutu na kulinda sili ya pampu. Maji ya bomba au ya kisima hula vile vizibo vya chuma ubavuni mwa bloku. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, isipokuwa kopo likisema imeshachanganywa. Usichanganye ya waridi na ya kijani bila kusafisha kwanza. Uliyomwaga usiiache kwenye beseni uani, kwa kuwa ni tamu na mbwa wakiinywa hufa.

Pima ulichomwaga. Injini ya ukubwa wa 1.5 hubeba lita 5 hadi 6 za kulanti. Ukirudisha lita 4 tu, kilichobaki ni upepo. Inua pua ya gari, weka hita kwenye moto kabisa, jaza polepole ukibanabana hozi, acha injini iungurume hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Kulaza gari usiku mmoja gerejini ni bora kuliko kulikabidhi jioni: asubuhi, likiwa baridi, fungua kifuniko, ongeza kilichoshuka, weka alama ya kalamu kwenye kopo la akiba, na umwonyeshe mteja alama hiyo kabla hajashika barabara ya Masaka.