Maswali na majibu: maji ya visima Lamu

*Kwa nini kisima chetu cha Langoni kina chumvi, na vya Shela ni vitamu?*

Bibi yangu, chini ya kisiwa hiki maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi: lita 1,000 za mvua zina kilo 1,000, za bahari karibu kilo 1,025. Shela pana milima ya mchanga. Mvua ikinyesha pale huzama papo hapo, ndiyo maana akiba yake ni nene. Nyinyi mko ukingoni mwa bahari, nyumba zimebanana, mvua haipati pa kuzama.

*Fundi ataka nichimbe zaidi nifikie maji matamu. Nikubali?*

Usikubali. Kwa kawaida, maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake hushuka kama mita 40 kabla ya kukutana na chumvi. Kanuni hiyo hugeuka: pampu ikiyashusha mita 1, chumvi yaweza kupanda mita 40. Ukichimba zaidi waifuata. Vuta kidogo kidogo, kisima kipumzike.

*Birika la chai limeshika ukoko mweupe. Ni chumvi ya bahari?*

Hapana, ni chokaa ya mawe ya matumbawe. Haidhuru. Chemsha siki ndani yake, utatoka.

*Mwanangu amepanga Changamwe, na kisima cha huko pia ni cha chumvi. Bahari imefika?*

Huko sababu ni nyingine. Mombasa bara upande wa magharibi umekalia mwamba wa matope yaliyogandamana tangu zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Chembe zake ni ndogo mno, maji hupita kwa shida, na yale machache yanayopatikana mara nyingi yana chumvi ya mwamba wenyewe. Kwa hiyo mji ule huletewa maji kutoka mbali, Mzima na Baricho. Mwambie aweke tangi la mvua kabla ya kumlipa mchimbaji.

*Choo cha shimo kiko jirani na kisima. Nikichemsha maji yatosha?*

Vijidudu vitakufa, naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi, itabaki, nayo ni hatari kwa mtoto mchanga. Mtafutie maji mengine.

*Kuna ubaya gani kuchota mchanga Shela, au kujenga juu yake?*

Ubaya mkubwa, nami nasema bila kuuma maneno. Mchanga ule ndio tangi la mji mzima. Ukichotwa, maji hubaki karibu na jua na uchafu. Ukijengewa, kila shimo la choo humwagika humo humo. Kiwanja kikipimwa kule, ulizeni barazani na kwa chifu kabla msingi haujachimbwa.