Barua za wasomaji: "Kabla hamjaja nyie"

Mwezi huu barua ni tatu tu, zote ni za kazi na ugenini. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imenigusa, mtanivumilia.

SWALI: Dada shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni Mkongomani wa Fizi, nilikulia kambini Nyarugusu kule Kigoma, sahivi niko Iowa, Marekani, mwaka wa tatu, nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguruwe shifti ya pili upande wa kukata. Kuna mzee mmoja mzungu huwa tunakaa nae meza moja wakati wa kula, sio mtu mbaya, mara nyingine ananipa lifti kukiwa na theluji. Juzi akaniambia baba yake alifanya kazi hiihii ya nyama akajenga nyumba, akasomesha watoto wanne, akastaafu vizuri, halafu akamalizia "hiyo ni kabla hamjaja nyie". Sikumjibu ila neno limenikaa rohoni mpaka leo. Ni kweli sisi ndo tumeshusha mishahara? Na watu wa yunioni wananifuata nisaini kadi, Wakongo wenzangu wanasema usisaini utafukuzwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na baba yake huyo mzee, maana hapo hajakudanganya hata kidogo. Miaka ya 60 na 70 mfanyakazi wa kiwanda cha nyama Marekani alikuwa analipwa zaidi ya wastani wa viwanda vingine, yunioni, yaani chama cha wafanyakazi, ilikuwa na nguvu, na mkataba ukishapatikana kwenye kampuni moja kubwa na nyingine zinafuata kiwango kilekile, kwahiyo bosi hakuwa na mahali pa kukimbilia. Mzee amekosea kwenye nini kilitangulia na nini kikafuata.

Kilichotangulia ni makampuni yenyewe kubadilisha kazi. Mwaka 1960 kampuni ya IBP ilianzia hukohuko Iowa, mji wa Denison, na baadae wakaja na mtindo wa kukata ng'ombe mzima kiwandani na kumpaki kwenye maboksi badala ya kupeleka nusu nzima kwa wauza nyama wa mjini. Inasikika kama kitu kidogo lakini fikiria, yule bucha aliyejua mnyama mzima kichwa mpaka mkia hahitajiki tena, unahitaji watu mia wamepangwa mstari kila mmoja na mkato wake mmoja, na mkato mmoja mtu anafundishwa ndani ya siku chache. Viwanda vikahama Chicago na miji ya namna hiyo ambako yunioni zilikuwa na mizizi, vikaenda vimji vidogo karibu na mifugo. Halafu miaka ya 80 ikawa ni kufunga kiwanda na kukifungua tena kwa mshahara mdogo bila yunioni. Mwaka 1980 karibu asilimia 46 ya wafanyakazi wa nyama walikuwa kwenye yunioni, 1987 wamebaki asilimia 21. Miaka saba tu hiyo.

Na kuna mji hauko mbali sana na wewe, Austin, Minnesota, kiwanda cha Hormel. Kampuni ilishusha mshahara kutoka dola 10.69 kwa saa mpaka 8.25, watu wakagoma Agosti 1985, karibu watu 1,500, mgomo ukaingia mpaka baridi. Januari 1986 kampuni ikafungua milango ikaanza kuajiri watu wapya, gavana akaleta askari wa jimbo, na kisheria kampuni ilikuwa salama, maana tangu 1938 Mahakama Kuu ya Marekani imemruhusu mwajiri kuweka watu wa kudumu mahali pa waliogomea mshahara. Sasa mdogo wangu, waliovuka mstari wa mgomo wakaingia kuchukua zile kazi hawakuwa Wakongo wala Wasomali. Wengi walikuwa watu wa maeneo yaleyale, majirani, miaka ambayo wakulima wa pande zile walikuwa wanafilisika wananyang'anywa mashamba na benki, na wengine walikuwa ni wanayunioni wenyewe waliochoka njaa. Mgomo ukavunjika, na wahamiaji wakaanza kufika Austin kwa wingi baada ya hapo, kazi ikiwa imeshashuka bei na wenyeji wanaikimbia.

Kwahiyo kwenye kiwanda cha nyama, hapana, wewe hukushusha. Ulikuta imeshashuka.

Lakini sitaki nikufariji kwa uongo, swali lako ni la mtu mzima na unastahili jibu la mtu mzima. Desemba 12, 2006 serikali ilivamia viwanda sita vya kampuni ya nyama ya Swift kwa siku moja, ikakamata watu kama 1,300, wengi wa Mexico na Guatemala ambao makaratasi yao hayakuwa sawa. Kampuni ikajikuta haina watu, ikapandisha mshahara na bonasi ili ivute wengine, na wengine waliokuja ni pamoja na wakimbizi, Wasomali hasa, na baadae sisi. Wanaopinga wageni wanaupenda sana mfano huu na mimi siwezi kusema ni uongo, bosi akiwa na watu wasio na pa kwenda haharakishi kuongeza senti.

Wachumi wenyewe wamegombana kuhusu hili miaka na miaka. 1980 Wakyuba kama 125,000 waliingia Marekani kwa mashua ndani ya miezi michache, wengi wakabaki Miami, nguvukazi ya mji ikaongezeka kama asilimia 7 hivi kwa mkupuo. David Card akachunguza, mwaka 1990 akaandika kwamba hakuona mishahara ya Miami imeanguka kwa sababu yao, na hiyo ni sehemu ya kazi zilizompa tuzo ya Nobel 2021. Baadae George Borjas, ambae yeye mwenyewe alizaliwa Kyuba, akarudi kwenye takwimu zilezile akaangalia wanaume ambao hawakumaliza sekondari tu, akasema wale waliumia sana. Wengine wakamjibu kwamba kundi alilochagua ni dogo mno, ubishi haujaisha. Taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani ilikusanya utafiti mwingi 2016 na ikaona kwamba kwa muda mrefu athari kwenye mishahara kwa ujumla ni ndogo sana, na pale inapotokea anaeumia kwanza ni mhamiaji aliyetangulia, halafu mwenyeji asiyemaliza shule. Hebu soma tena hapo, mhamiaji aliyetangulia. Yaani yule mama wa Mexico anaekata bega pembeni yako anaweza kuwa ana sababu zaidi ya kukunung'unikia kuliko huyo mzee, na sisi tuliotangulia tunaweza kuwa na sababu ya kumnung'unikia atakaekuja kesho.

Na hapo ndo bosi anapopapenda. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Nenda Chicago 1904, wafanyakazi wa nyama waligoma, wenye viwanda wakaleta weusi kutoka kusini kwa treni waje wafanye kazi ndani huku wenzao wako nje, mgomo ukafa na wengi wa wale weusi wakafukuzwa vilevile baada ya kutumika. Chuki ya mambo ya namna hiyo ilikaa zaidi ya miaka thelathini. Kilichokuja kuinua mshahara wa baba yake huyo mzee ni kwamba kuanzia 1937 yunioni mpya ilikataa hiyo habari, ikakaa na Wapolandi, Walithuania, weusi, wazungu wa kule, wote chumba kimoja. Hao Wapolandi na Walithuania nao walikuwa wageni waliokuwa wanasemwa maneno yaleyale unayosemwa wewe.

Mfano wa karibu zaidi ni kiwanda cha nyama cha Grand Island, Nebraska, Ramadhani ya 2008. Wasomali waliomba muda wa kufuturu na kuswali magharibi, uongozi ukabadilisha ratiba kidogo, mamia ya wafanyakazi wengine wakatoka nje kupinga kwamba wanapendelewa, uongozi ukarudisha ratiba, mwishowe Wasomali wengi wakafukuzwa kazi. Huwa najiuliza ingekuwaje kama hao wote wangetoka nje siku moja kudai mapumziko marefu kwa kila mtu.

Sasa kadi, ile karatasi ya kusema unataka yunioni. Mimi nilifanya kazi ya nguruwe miaka mitano kabla sijaanza kuandika, sitataja wapi. Wiki ya pili mkono wangu wa kulia ulikuwa haufungi asubuhi, nilikuwa nashika mswaki kwa viganja viwili kama mtoto, na supavaiza akiniona nausugua ananionyesha laini kwa kidole, rudi. Mama mmoja wa Mexico ambae hatukuwa na lugha ya kuelewana alinivuta pembeni akachukua kisu changu, akapitisha kwenye ukucha wake kikateleza, akatikisa kichwa. Akanifundisha kunoa, pembe ile, taratibu, mara nyingi, akanionyesha mkono wake mwenyewe una kovu la upasuaji kifundoni, nikaelewa kwamba kisu butu ndo kinaua mkono. Halafu akatoa kadi ya yunioni mfukoni akaniwekea kidole mahali pa kusaini. Nilisaini kwa sababu yake, sikuwa najua mambo mengi wakati ule.

Usichanganye woga na sheria. Sheria ya 1935 inakupa haki ya kujiunga, kusaini na kuongea na wenzako kuhusu mshahara, na wewe ni mkimbizi una kibali halali cha kazi. Kukufukuza kwa kusaini ni kosa. Je linatokea? Linatokea, nisikudanganye, na ukifukuzwa una miezi sita tu ya kupeleka malalamiko kwenye bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi, kwahiyo andika tarehe, saa, nani alisema nini, kwa Kiswahili hata kwa kalamu ya risasi, weka nyumbani. Wasio na makaratasi ndo wako pabaya zaidi, 2002 Mahakama Kuu ilisema hata kama wamefukuzwa kwa kosa la mwajiri hawalipwi mishahara waliyoikosa, na ndo maana bosi mbaya anawapenda. Ukiniuliza mimi nini kinashusha mshahara nitakwambia ni hiyo, mtu anaeogopa kufungua mdomo, awe ametoka Fizi au amezaliwa hapohapo Iowa.

Na inawezekana kushinda. Kiwanda cha nguruwe cha Smithfield kule Tar Heel, North Carolina kilifunguliwa 1992, yunioni ikashindwa kura mara mbili, watu walitishwa, na Novemba 2006 wafanyakazi kama elfu moja, wengi Walatino, walitoka nje baada ya wenzao kufukuzwa kwa mambo ya makaratasi. Januari 2007 maafisa wa uhamiaji wakaja wakakamata watu, Walatino wengi wakakimbia kazi, kila mtu akadhani imeisha. Weusi waliobaki na Walatino waliobaki wakaendelea, Desemba 2008 kura zikawa 2,041 kwa 1,879.

Kesho mkikaa mezani muulize huyo mzee baba yake alikuwa tawi gani la yunioni. Muulize kwa upole, ni mtu anaekupa lifti. Halafu muulize na yeye analipa ada?

*

SWALI: Mimi niko Nebraska, mume wangu anasema tusilipe yunioni maana wasiolipa wanapata nyongeza ileile. Kweli? — Mama wa watoto watatu

JIBU: Kweli mama, Nebraska ina sheria hiyo tangu 1946, hulazimishwi kulipa, na yunioni inalazimika kukutetea hata usipotoa senti. Mume wako hajakosea sheria. Ila tuseme kiwanda kina watu elfu mbili na wanaolipa ni mia sita, meneja anaijua hiyo namba kabla hajakaa kwenye kiti cha mazungumzo, na mwanasheria wa kampuni analipwa kila siku. Kumbukeni 2019 serikali ilipoondoa kikomo cha kasi ya kuchinja, nguruwe 1,106 kwa saa, kwa viwanda vilivyoingia kwenye mfumo mpya wa ukaguzi, ni UFCW, yunioni ya wafanyakazi wa vyakula na maduka, iliyokwenda mahakamani na Machi 2021 jaji akautengua uamuzi huo wa serikali. Hiyo kesi ililipiwa na ada za watu. Ada ikiwa nzito nendeni mkutanoni mseme, na mdai mwakilishi anaejua Kiswahili, maana kwenye viwanda vingi tumeshakuwa wengi wa kutosha kudai.

*

SWALI: Salaam aleikum, mimi kijana wa Likoni, Mombasa. Ajenti amenipatia kazi ya ulinzi Qatar. Kule nikionewa naweza kujiunga na chama cha wafanyakazi?

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Hapana, vyama vya wafanyakazi Qatar ni vya raia tu, mgeni haruhusiwi. Tangu 2020 unaweza kubadilisha mwajiri bila barua yake ya ruhusa, na tangu Machi 2021 kuna kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, ongeza 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri hakupi vyenyewe. Hiyo ya kuhama ndo kubwa kuliko unavyodhani, mtu asiyeweza kuondoka hana cha kujadiliana, ila kwa vitendo bado kuna mabosi wanaobana. Hakikisha ajenti yuko kwenye orodha ya mamlaka ya ajira ya Kenya. Piga picha pasi na kila ukurasa wa mkataba, moja mwachie mamako. Na ile pesa anayokuambia ni ya kuharakisha viza usimpe kabla hujaona kwa macho yako mkataba wenye jina la kampuni, saa za kazi na riyali ngapi.