Mzuka asitaje jina la muuaji

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama riwaya fupi ya kutisha inaweza kubeba kwa pamoja makuzi ya kijana, uhalifu na mizimu bila kuelemewa. Inaweza, wala si jambo la kubishania. Kinachoniudhi mimi ni waandishi wanaompa mzuka kazi ya mpelelezi. Kijana amekwama, marehemu anamjia ndotoni na kumtajia aliyemuua, kitabu kimekwisha. Huo ni uvivu. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyetunga pia hadithi za upelelezi, aliandika kanuni kumi za fani hiyo, na ya pili inakataza kabisa nguvu zisizo za kawaida. Bwana Msa, mpelelezi wetu wa riwayani, angempa mkono: katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960, mzimu umo mpaka kwenye jina la kitabu, lakini anayesakwa ni binadamu.

Chukueni Joyland ya Stephen King (2013). Ni mwaka 1973, North Carolina. Devin Jones, mwanafunzi wa miaka 21 anayeachwa na mpenzi wake, anafanya kibarua kwenye bustani ya burudani. Miaka minne nyuma, ndani ya jumba la kutisha la bustani hiyo, msichana Linda Gray alikatwa koo akiwa kwenye kigari. Muuaji alivaa mashati mawili, akalivua la juu lililolowa damu, akatoka kama mteja mwingine. Inasemekana marehemu bado huonekana humo. Devin anatamani mno kumwona. Anaingia na rafiki zake Tom na Erin, kigari kinazunguka gizani, wanatoka. Aliyemwona ni Tom.

Hapo ndipo penye ufundi. Msimulizi, Devin mwenyewe, hana mzuka wa kutuonyesha, ana uso wa rafiki yake tu, na Tom hataki hata kulizungumzia. Hofu tunaijaza wenyewe. Papo hapo kijana anaonja kwa mara ya pili kutaka kitu na kukiona kikienda kwa mwingine, kwa hiyo makuzi hayahitaji sura ya pekee. Na kwa kuwa Tom hakupewa jina la muuaji wala ushahidi, kesi iko palepale: Erin ndiye atakayefukua magazeti ya zamani na picha. Tukio moja, kazi tatu. Tuzo za Nebula, za Marekani za hadithi za kisayansi na za njozi, huhesabu novela, yaani riwaya fupi, kuwa maneno 17,500 hadi chini ya 40,000. Joyland inazidi hapo, lakini anayeandika ndani ya kipimo hicho hana nafasi ya matukio matatu yenye kazi moja moja.

Mwandishi asiye makini angempa Devin mzuka huo. Msomaji angeuliza mara moja: mbona hamuulizi nani alimuua? Kuanzia hapo kila sura ingetafuta kisingizio. Mara haongei, mara anasema kwa mafumbo, mara huja usiku usio na mwezi tu. Mzuka mwenye kigugumizi cha makusudi!

Kwa anayeandika: dalili ya kibinadamu iwekwe kabla ya katikati, mbele ya macho, ichanganywe na vitu vitatu vinne visivyo na maana. Kisha futa mzuka kwenye mswada. Muuaji akiwa bado anakamatika, upelelezi umesimama. Kijana naye akibaki vilevile bila huyo mzuka, mzuka hakuwa na kazi.

Asiyekisoma kitabu aishie hapa, maana mwisho wake unanivunjia hoja. Devin yumo mikononi mwa muuaji, na kinachomwokoa ni onyo kutoka kwa marehemu mwingine, si Linda, lililomfikia Mike, mtoto mgonjwa wa kwenye kiti cha magurudumu. Futa mzuka hapo, Devin anakufa. Kwa Knox ni udanganyifu, na kwa kipimo changu pia. Lakini sikujiona nimeibiwa. Jina la muuaji Devin alikuwa ameshalipata mwenyewe, kwa kuzikodolea picha na jinsi mtu alivyovaa kofia. Mzuka uliokoa roho, haukufumbua kesi.

Basi nalegeza: mzuka aruhusiwe kuita msaada. Ila kipaji cha mtoto cha kuona mizuka kiwe kimeonyeshwa mapema, si sura ya mwisho, na isizidi mara moja. Mara mbili, labda, kama mzuka wa pili ni mwongo.