Wasomaji Wauliza: Asubuhi Moja Ndani ya Central Park

SWALI: Nitakuwa New York na nina asubuhi moja tu ya kuitembelea bustani ya Central Park kwa miguu. Nianzie wapi?

JIBU: Kuimaliza yote hutaweza. Ina hekta 341, urefu wa kilomita 4 kutoka Mtaa wa 59 kusini hadi wa 110 kaskazini, na upana wa mita 800 hivi. Isitoshe, vijia vyake vimepindwa makusudi: Olmsted na Vaux, walioshinda shindano la kuisanifu mwaka 1858, walitaka mtembezi asahau kwamba yuko mjini.

Wengi huingilia kusini, huchoka katikati na kurudi. Sisi tunashauri kinyume chake. Panda treni namba 2 au 3, shuka kituo cha Central Park North, Mtaa wa 110. Pita kando ya ziwa la Harlem Meer, uingie Conservatory Garden kwenye Mtaa wa 105, upande wa Fifth Avenue. Ukifika bwawa kubwa la Reservoir shika ukingo wa magharibi, kwa sababu wakimbiaji huzunguka kinyume cha saa, nawe utakuwa unakwenda nao. Hapo utafikia eneo la Seneca Village, kati ya Mtaa wa 82 na 89. Kilikuwa kijiji kilichoanzishwa na Wamarekani Weusi huru mwaka 1825, kikavunjwa mwaka 1857 kupisha bustani. Majengo hayapo, kwa hiyo soma mabango. Usipoyasoma utapita ukidhani ni nyasi tu.

Kisha kasri dogo la Belvedere Castle (Mtaa wa 79), msitu wa Ramble, daraja la Bow Bridge, Bethesda Terrace (72), na mwisho The Mall, njia pana iliyonyooka, kisha endelea hadi Mtaa wa 59. Tenga muda wa saa tatu hadi nne. Mwenye magoti mabovu aikwepe Ramble, maana ni mawe, ngazi na miinuko. Afuate barabara ya upande wa mashariki.

SWALI: Simu ikiishiwa chaji nitajuaje nilipo?

JIBU: Tazama nguzo ya taa. Ina kibao chenye tarakimu nne: mbili za kwanza ni mtaa ulio karibu, mbili za mwisho ni upande. Namba witiri ni magharibi, shufwa ni mashariki. 7213 maana yake uko karibu na Mtaa wa 72, upande wa magharibi. Kuanzia Mtaa wa 100 ile mia huachwa, hivyo 0502 ni Mtaa wa 105, mashariki. Ukipiga 911, namba ya dharura, taja namba hiyo ya nguzo. Dira haisaidii sana, kwani mitaa ya Manhattan imeinama nyuzi 29 hivi kutoka kaskazini halisi.

SWALI: Na baiskeli?

JIBU: Inafaa, mradi ubaki kwenye barabara ya mzunguko, karibu kilomita 10, iliyofungwa kwa magari tangu 2018. Mwelekeo ni mmoja, kinyume cha saa. Kwenye vijia vya waenda kwa miguu, shuka uisukume. Kona ya kaskazini-magharibi ina kilima cha Harlem Hill, nacho hukata pumzi. Asiyekitaka akatize kwenye Mtaa wa 102. Zile baiskeli za magurudumu matatu zinazobeba wageni hutoza kwa dakika, hata mnaposimama kupiga picha. Soma bei iliyobandikwa kabla ya kupanda.