Masta ya historia ya majengo: nitachora au nitaandika tu?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 27, nina digrii ya usanifu majengo na huu mwaka wa tatu niko ofisi moja hapa Dar, kazi yangu kuchora vyoo na ngazi tu. Nimeona London kuna masta ya historia ya usanifu na fikra tunduizi, nikasema hii ndo yangu. Baba anasema nitamaliza mamilioni kusomea magofu ya Wagiriki halafu nirudi nikae kijiweni. Hiyo fikra tunduizi ni nini hasa, na itanisaidia kusajiliwa? – M., Mbezi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Baba yako usimpuuze, nusu yuko sahihi. Masta hii haikupi usajili, Bodi ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ina njia yake na unaijua. Na huchori hata mlango, mwaka mzima ni kusoma, kubishana darasani na kuandika, mwisho tasnifu. Kama unachotafuta ni muhuri, hela hiyo ipeleke kwingine.

Fikra tunduizi jina zito tu. Mtu akikwambia jengo hili kajenga fulani, wewe unauliza nani kasema, kaonaje, na tukiamini hivyo anafaidika nani. Chukua Shanga, magofu ya mji wa kale wa Waswahili kule kisiwa cha Pate, Kenya. Miaka mingi wataalamu walikuwa wanatuambia miji ya mawe ya pwani waliileta wageni kutoka ng'ambo, kama vile ilishuka bandarini ndani ya kontena. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake wakachimba chini ya msikiti wa Ijumaa, wakakuta msikiti mwingine, chini yake mwingine tena, wanashuka tu mpaka wakafika kwenye vijengo vidogo vya miti na udongo vya karne ya 8 hivi, ambavyo kilichobaki ni mashimo ya nguzo ardhini. Sasa fikiria, mashimo yale, madoa tu kwenye udongo, ndo yaliyowabana watu waliokuwa na uhakika wao kwenye vitabu. Mawe yalikuja baadaye, pale pale, juu ya miti.

Wagiriki utakutana nao, usidanganyike. Ila AA (Architectural Association), ile shule ya usanifu ya mwaka 1847 pale Bedford Square, London, yenye hiyo masta ya historia na fikra tunduizi, ndiko ilikoanzishwa idara ya usanifu wa nchi za joto mwaka 1954, ikahamia chuo kikuu cha UCL, hapo hapo London, 1971. Yaani watu walikaa London yenye mvua wakifundishana kivuli na upepo wa kwetu! Mimi ningeanzia hapo kuandika. UCL nao wana masta yao ya historia ya usanifu tangu 1981.

Ada ni kubwa, sikufichi. Angalia Chevening, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, inataka uwe umefanya kazi miaka miwili, unayo, inalipa ada na ya kuishi, ila lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili (hapo baba atafurahi).

Halafu wataomba maandishi yako. Mimi niliwahi kuomba chuo kimoja nikawatumia michoro yangu mizuri mizuri, nikapigwa chini fasta. Wewe nenda soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, inua kichwa uangalie ile miavuli ya zege iliyobuniwa kukusanya maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliunguza jengo lile. Kaa na wazee waliouza pale kabla ya moto, waulize maji yalikuwa yanaenda wapi, joto lilikuwaje saa nane mchana, nani alipewa juu na nani alisukumwa nje kwenye lami, andika kurasa kumi bila kusifia. Ukifika ya nne ukachoka, basi umeokoa hela ya baba.

SWALI: Mimi mwalimu wa historia sekondari, usanifu sijasoma kabisa. Naruhusiwa? – Mwl. K., Tanga

JIBU: Mwalimu, ruksa. Ile ya UCL inapokea hata waliosoma historia au sanaa. Ila jifunze kusoma ramani ya jengo kwanza, hata ya nyumba yako, maana wenzio watakuwa wanaangalia mistari wanaona ukuta na dirisha, wewe unaona mistari.