Gurudumu limesimama, nasi tuko juu

SWALI: Fundi, salamu kutoka Walukuba, Jinja. Binti yangu wa miaka 7 ananisumbua tupande gurudumu kubwa kwenye maonyesho ya kilimo. Mwaka jana nililiona likisimama kila mara, watu wakining'inia juu, moyo ukanienda mbio. Dada yangu aliye London anasema la kwao halisimami. Je, umeme ukikatika tukiwa kileleni?
Mama wa Walukuba

JIBU: Mama, kusimama kule si kuharibika. Gurudumu la maonyesho huzunguka haraka, kwa hiyo kila kiti kikifika chini lazima litulie, hawa washuke na wale wapande. La London, lililofunguliwa mwaka 2000, lina kimo cha mita 135 na hutambaa taratibu, karibu nusu saa kwa mzunguko mmoja, ndiyo maana watu huingia likitembea. Nalo pia husimamishwa akiwepo mzee au mtu asiyeweza kutembea vizuri.

Umeme ukikatika, breki hushika, nanyi mtabaki hapo mlipo. Hapo jenereta huwashwa, au mwendeshaji hulegeza breki kidogo kidogo, upande mzito ushuke wenyewe. Inawezekana kwa sababu uzito unaopanda unasawazishwa na ule unaoshuka, mota haibebi mzigo wote. Ndivyo George Ferris, mhandisi wa madaraja, alivyoweza mwaka 1893 kule Chicago kuzungusha watu 2,160 kwa pamoja katika vibanda 36, kwa injini ya mvuke.

Kwa hiyo usimtazame sana aliye juu. Mtazame anayepakia. Akijaza viti vinavyofuatana upande mmoja huku upande wa pili ukiwa mtupu, usipande. Hajui kazi yake, au ana haraka ya pesa. Anayejua hujaza kimoja, huzungusha, kisha hujaza cha upande wa pili.

Mimi nimefunga magurudumu haya viwanjani kwa miaka mingi, na kitu ninachokiangalia kwanza ni pini inayoshika kiti. Kiti huning'inia kwenye pini zilizo juu ya mabega yako, ndiyo maana hakipinduki. Mwishoni mwa kila pini pana tundu, na ndani yake kipini chembamba kilichokunjwa ili ile kubwa isichomoke. Kiti kikifika chini utakiona. Ukikuta mahali pake pamefungwa waya au msumari, rudi na mwanao, hata kama umeshalipa. Tazama pia miguu ya mtambo: baada ya mvua udongo hulainika, na mbao zilizo chini zikizama upande mmoja, gurudumu zima huinama.

Binti akae nawe kiti kimoja, upau ufungwe mbele yenu, na umwambie kabla asisimame kuwapungia watu mkono. Wingu la radi likianza kutanda kutoka ziwani, ahirisheni hadi kesho yake.