Shukrani kwa wenyeji baada ya safari ndefu
Ndugu, umeuliza uwashukuru vipi waliokulaza Ukerewe na Ukara, visiwa vya Ziwa Victoria, nawe uko Mwanza unasubiri basi la nyumbani. Andika majina leo hii: nani, kijiji gani, alikufanyia nini. Ukichelewa utamchanganya mama wa Bwisya kule Ukara na wa Nansio kule Ukerewe. Kisha safisha picha, moja kwa kila kaya, wao wenyewe wakionekana. Mandhari ya ziwa wanayo kila siku! Nyuma andika kwa penseli, maana wino hupaka picha ya chini. Zikauke kabisa kabla ya kuingia bahasha, la sivyo zitagandana. Bahasha mpe anayepanda meli ya Nansio, pamoja na sukari na mche wa sabuni. Pesa usitume, mzee ataona unamlipa ugali wake. Halafu wapigie simu.